Salamu Zilifika Salama

Kituo cha Kununulia Alizeti,
Chemba.
15 Mei 2025

Binti yangu Flaviana Ndahani,

Salamu nyingi kutoka kwangu na kwa mama wa nyumba hii, Domitila. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wenzako wote wa ofisi ya kompyuta hapo kiwandani. Sisi hatujambo. Mvua iliyotunyeshea wakati wa kuvuna imekatika, mbuzi wameanza kunona tena, na paa la kituo lililoezuliwa na upepo limepigwa misumari mipya. Tunakukumbuka tangu semina ya Februari, ulipotufundisha sisi mawakala wa vituo kutuma barua pepe kiwandani. Niliporudi niliwaambia watu kwamba mwalimu wetu ni binti mdogo kuliko hata wanafunzi wangu wa mwisho kabla sijastaafu, na anafundisha vizuri, ila anakwenda mbio kidogo.

Baada ya salamu, madhumuni ya barua hii ni haya.

Ijumaa ya tarehe 9 nilipakia magunia themanini na sita ya alizeti kwenye lori la kukodi, kwa sababu Matonya, dereva wetu wa siku zote, alikuwa anaumwa. Alizeti ile ilinyeshewa shambani. Tuliianika kadiri tulivyoweza, lakini kwa ndani ilikuwa bado na unyevu. Kwa hiyo asubuhi ileile niliwaandikia barua pepe watu wenu wa uwanjani, kwa anwani uliyotupa, kwamba lori likifika lifunguliwe turubai mara moja na alizeti ianikwe siku hiyohiyo, isingoje Jumatatu. Jana nimepigiwa simu. Nasikia dereva wa kukodi aliliacha lori langoni akaenda zake, likakaa limefungwa tangu Ijumaa mchana hadi Jumatatu, mzigo ukachemka na kuota ukungu, wote wa kutupa. Na kwamba mimi sikutoa taarifa yoyote. Mama Vasanti, mkurugenzi wetu, amesema hana haja na kituo ambacho wakala wake hatoi taarifa. Msimu ukiisha tarehe 31 Julai, kituo cha Chemba kitafungwa.

Binti yangu, niliandika. Magunia kumi na moja katika yale ni ya Domitila, aliyalima kwa mkono wake, na tangu jana ananiwekea chakula mezani bila kunisemesha. Kituo kikifungwa, watu wa huku watarudi kusukuma mikokoteni ya punda mpaka Kondoa kama zamani. Tafadhali angalia ndani ya kompyuta yako kama barua yangu imo.

Hii ninamkabidhi Matonya mkononi, amekwisha kupona. Ile njia nyingine kwa sasa naiogopa.

Ni mimi,
Mwl. Faustini Sila (mstaafu)
Wakala


Kiwanda cha Mafuta cha Ramniklal,
Dodoma.
19 Mei 2025
(kwa barua pepe)

Mwl. Faustini,

Nimepokea barua yako. Nimeangalia kumbukumbu za mfumo. Barua pepe yako ya tarehe 9 Mei iliingia saa tatu na dakika kumi na nne asubuhi. Mfumo uliigeuza kuwa ujumbe mfupi na kuutuma kwenye simu tatu za kiunoni, yaani ya langoni, ya mizani na ya uwanja wa kuanikia. Zote tatu zilipokea, na zote zilifunguliwa ndani ya dakika mbili.

Kwa faida yako, simu hizi hazina laini na zinafanya kazi ndani ya uzio wa kiwanda tu. Mashine za kukamua zina kelele, mtu hasikii akiitwa. Ndiyo maana barua pepe za vituo zinageuzwa kuwa ujumbe unaotetemeka kiunoni mwa mhusika, badala ya kungoja mtu aje ofisini kufungua kompyuta.

Kwa upande wa mfumo hakuna hitilafu iliyoonekana. Nitaendelea kufuatilia.

Flaviana Ndahani
Msimamizi wa Mifumo (kipindi cha majaribio)


Chemba,
22 Mei 2025

Binti yangu Flaviana,

Hujambo? Sisi huku wazima. Barua yako niliipata kwenye simu ya kituo. Niliisogeza juu, nikaisogeza chini nikitafuta salamu, nikadhani zimebaki njiani. Baadaye nikasema huyu binti ana kazi nyingi, na mtu mwenye kazi nyingi anasamehewa mara moja. Kwa hiyo nakusalimu mara mbili, na moja katika hizo ihesabu kuwa yako kwangu. Marahaba.

Madhumuni ya barua hii ni kukushukuru. Umeniambia kwamba barua yangu iliingia, tena saa tatu na dakika kumi na nne, ambayo ndiyo saa niliyoituma, maana Domitila alikuwa anaepua chai. Nimemsomea maneno yako. Amenijibu "Haya," na hilo ndilo neno lake la kwanza wiki hii.

Lakini sasa nimebaki na jambo ambalo silielewi. Watu watatu wanapokea maneno "fungueni turubai", wanayasoma, halafu wanaliacha lori juani siku tatu? Henry wa mizani namfahamu, si mtu wa hivyo. Labda wametuchoka watu wa Chemba, kwamba mizigo yetu ni midogo. Kama ndivyo, waseme.

Ninakuomba kitu kimoja tu. Mwambie Mama Vasanti hayo uliyoniambia mimi, kwamba barua ilifika. Nimefundisha darasa la tano miaka thelathini na minne na sijawahi kuitwa mtu asiyetoa taarifa. Kituo hiki wameniamini nacho watu zaidi ya mia mbili, na ninapopita sokoni sasa wananisalimu huku wanaangalia pembeni.

Wasalimie wote,
Faustini Sila


Dodoma,
25 Mei 2025

Dada Asnath,

Shikamoo. Mama hajambo? Haneti mmeshavuna? Mimi ni mzima wa mwili.

Nina jambo limenikaa kooni na huku hakuna wa kumwambia. Unakumbuka ule mfumo nilioufunga kiwandani mwezi wa pili, wa kugeuza barua pepe za vituo ziwe ujumbe kwenye simu za watu wa uwanjani. Kuna mzee wa Chemba, mwalimu mstaafu, anaandika barua pepe kama mtu aliyeketi na kalamu na bahasha. Alituma onyo kwamba mzigo wake una unyevu ufunguliwe haraka. Haukufunguliwa, ukaoza, na sasa kituo chake kinafungwa kwa sababu eti hakutoa taarifa. Nimeisoma barua yake kwenye kompyuta. Onyo limo, limeandikwa vizuri kabisa, mstari wa kumi na mbili.

Juzi nikamwendea Henry wa mizani nikamwomba simu yake. Ujumbe ule bado anao. Nakunukulia wote:

"Wapendwa wangu wa kiwandani, natumaini mu wazima. Sisi huku Chemba tunamshukuru Mungu, ingawa mafua yamewapitia watoto. Henry wa mizani, mguu wako unaendelea"

Basi, mwisho hapo. Simu zile zinachukua herufi mia moja na sitini, na zinazozidi mfumo unazikata. Henry anasema siku ile alifurahi sana. Aliteguka mguu mwezi wa nne na kiwanda kizima hakuna mtu aliyemuuliza. Akawaita wenzake wa langoni na wa uwanjani, kumbe nao wameletewa salamu zilezile, wakamtania kuhusu mguu, wakarudi kazini. Lori lilipofika mchana wakaliacha langoni nyuma ya mengine. Mama Vasanti alipowauliza, Henry akamwonyesha simu. Kutoka Chemba zimekuja salamu tu.

Sasa sikiliza, dada. Mimi nilijua habari ya hizo herufi. Ilikuwa kwenye somo langu la semina, ukurasa wa tisa, niwaambie mawakala waanze na jambo lenyewe. Lakini saa saba ilikuwa imefika, pilau imeshapakuliwa, mawakala wote macho mlangoni. Nikasema yaliyobaki tutamalizia baada ya chakula. Baada ya chakula tukapiga picha ya pamoja, kila mtu akakimbilia basi.

Majaribio yangu yanaisha tarehe 30 Juni. Nikisema ukweli sidhani kama nitathibitishwa. Nisiposema, mzee anafungiwa kituo kwa kosa langu. Nimemwandikia, tena bila hata shikamoo, kwamba mfumo hauna hitilafu. Na kweli hauna, umefanya kile nilichouagiza. Ninaona aibu mpaka sipendi kupita mizani.

Mdogo wako,
Flaviana


Haneti,
28 Mei 2025

Mdogo wangu Flaviana,

Marahaba. Mama hajambo, tumevuna, na mbwa wako amezaa watano tena chini ya kitanda changu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimekasirika. Unajua la kufanya. Ungekuwa hujui ungempigia mama akuombee, usingeniandikia mimi ambaye tangu utotoni kazi yangu ni kukugombeza.

Halafu huyo mzee, mwalimu mstaafu, ulimwandikia bila shikamoo? Nilikuwa namsomea mama, sehemu zako mbaya naziruka, hiyo ikaniponyoka. Mama aliendelea kuchambua mchele, kisha akauliza kama huko Dodoma kuna mtu mwingine aliyekulea.

Kazi ikiisha, nyumbani bado kupo, na mashine ya kusaga inatafuta mtu wa kuandika majina. Nakutania, lakini si sana. Usimwache mzee wa watu aliwe na ukungu wako.

Dada yako,
Asnath


Dodoma,
30 Mei 2025
(kwa barua pepe)

Shikamoo Mwalimu Faustini,

Natumaini hujambo, na Mama Domitila hajambo, na mbuzi wanaendelea kunona. Naomba unisamehe kwa barua yangu iliyopita. Dada yangu na mama yangu wamenisema, na wana haki.

Mwalimu, ninaomba kitu. Kuanzia sasa unapowaandikia watu wa uwanjani, naomba uanze na jambo lenyewe. Kwa mfano: "Lori linafika saa nane, lina unyevu, fungueni mara moja." Salamu zije mwishoni. Ni utaratibu tu wa mfumo, hauna maana nyingine.

Kuhusu Mama Vasanti, bado natafuta nafasi ya kuonana naye. Wiki hii amekuwa na wageni.

Binti yako,
Flaviana


Chemba,
5 Juni 2025

Binti yangu Flaviana,

Marahaba, tena marahaba ya kujaa mkono. Sasa hiyo ni barua. Wasalimie sana mama yako na dada yako, waambie kazi yao imeonekana mpaka Chemba. Sisi ni wazima. Domitila sasa anasema sentensi nzima, ingawa nyingi zinahusu alizeti.

Madhumuni ya barua hii ni mawili.

La kwanza, nimekutii. Jumanne niliandika vile ulivyoniagiza: "Lori linafika saa nane, fungueni mara moja." Sikuongeza neno. Nilijisikia kama mtu aliyeingia nyumba ya watu bila kubisha hodi. Hazikupita dakika kumi, simu ya kituo ikalia. Ni Henry, amekimbia kutoka mizani mpaka ofisini kwenu na mguu wake ule, anahema, ananiuliza, "Mwalimu, nani amefariki?" Nikamwambia hakuna. Hakuniamini mpaka nikampa Domitila aongee naye. Kumbe uwanja mzima ulikuwa umesimama kazi, na mtu wa langoni ameshaanza kuulizia nauli ya kuja msibani. Binti yangu, kwetu sisi taarifa isiyo na salamu ni ya kifo. Mimi lugha ya nyumbani ni Kisandawe, Kiswahili nilikikuta shuleni nina miaka tisa, na barua nikafundishwa hivi: anwani, tarehe, salamu, madhumuni, mwisho. Nami nikawafundisha wengine hivyohivyo. Sasa nimekuwa mzee wa kuwatisha watu bure. Nimerudi kwenye njia yangu.

La pili, Mama Vasanti alinipigia jana. Tumezungumza vizuri, kwa adabu, na yale mambo yamekwisha. Usihangaike tena kutafuta nafasi ya kumwona, na usihangaike tena na kompyuta kwa ajili yangu. Kazi uliyonayo ishike vizuri.

Wako,
Faustini Sila


Dodoma,
10 Juni 2025

Mkurugenzi,
Kiwanda cha Mafuta cha Ramniklal.

YAH: MAGUNIA 86 YA KITUO CHA CHEMBA

Shikamoo Mama Vasanti.

Ijumaa uliniambia kwamba suala la Chemba limefungwa kwa sababu Mwalimu Faustini mwenyewe amekiri kwa simu kwamba hakuandika onyo lolote, alituma salamu tu. Niliondoka ofisini kwako bila kusema neno. Naomba kulisema sasa.

Aliandika. Nimeambatisha barua yake nzima kama ilivyoingia kwenye kompyuta tarehe 9 Mei. Onyo limo, nimelipigia mstari. Simu za uwanjani zinachukua herufi mia moja na sitini za mwanzo, na salamu zake zilizijaza zote. Henry na wenzake hawakuwa na namna ya kujua kwamba kuna zaidi. Mimi nilijua. Nilitakiwa kuwaambia mawakala wote katika semina, sikuwaambia kwa sababu muda wa chakula ulikuwa umefika na nikaona ni jambo dogo. Nimeufahamu ukweli huu tangu tarehe 23 Mei na nimekaa nao siku kumi na nane, kwa kuogopa kipindi changu cha majaribio.

Sijui kwa nini Mwalimu amekwambia hakuandika. Labda umri umeanza kumchezea, au amechoka kubishana. Lakini si kweli, na kituo kisifungwe kwa sababu hiyo.

Kama nitakuwa bado kazini, naomba niurekebishe mfumo na si kuwarekebisha watu. Nimesoma barua pepe mia moja na arobaini za vituo vyote, Haneti, Kondoa, Chemba. Karibu zote, salamu zikiisha, mwandishi anaandika "madhumuni ya barua hii" ndipo anasema alichotaka. Mfumo unaweza kufundishwa kutafuta neno hilo, na kutuma kwanza yale yanayolifuata.

Niko tayari kwa uamuzi wowote.

Flaviana Ndahani


Dodoma,
12 Juni 2025

Flaviana,
(Nakala: Mwl. Faustini Sila, Chemba)

Marahaba.

Nimesoma barua ya Mwalimu yote, mpaka mwisho ambako ananiulizia mimi hali ya baba yangu. Mzee Ramniklal alikuwa hanunui gunia kabla hajauliza habari za mbuzi wa muuzaji, na sisi watoto tulikuwa tunakaa juu ya mizani tunasinzia tukimngoja. Ningepaswa kuuliza barua nzima iko wapi. Sikuuliza.

Kituo cha Chemba kinabaki. Magunia themanini na sita yaandikwe kuwa yalipokelewa salama, na yalipwe.

Wewe hujathibitishwa. Majaribio yako yanaongezwa miezi mitatu. Siku kumi na nane ni nyingi, Flaviana. Urekebishe mfumo ndani ya wiki hii, kisha Jumamosi ya tarehe 28 uende Chemba ukawaeleze wakulima kwa mdomo wako, hadharani, kilichotokea. Matonya atakupeleka.

Vasanti Ramniklal


Dodoma,
16 Juni 2025

Shikamoo Mwalimu wangu,

Hamjambo hapo nyumbani? Leo nimeandika kwa mkono, na Matonya ameahidi hataikunja. Mimi ni mzima, na kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tano nimelala usingizi wa kawaida.

Nakala ya Mama Vasanti, pamoja na barua yangu kwake, najua umeipata. Kwa hiyo unajua kwamba nilikudanganya. Sikusema uongo wenyewe, ila nilikuandikia ukweli uliokatwa, na wewe ukanishukuru. Ile barua yako ya shukrani ninayo kwenye droo na kila nikifungua droo naona aibu. Naomba unisamehe, na Mama Domitila anisamehe kwa magunia yake na kwa wiki mbili alizonuna na mtu ambaye hakumkosea. Nitakuja kulisema mbele ya watu. Ninaogopa sana, lakini nitakuja.

Mfumo sasa unafanya kazi. Ukiandika "madhumuni", yanayofuata yanakwenda kwanza kwenye simu za uwanjani. Alhamisi niliruhusu hayo tu yapite, salamu nikaziacha kwenye kompyuta. Ijumaa asubuhi nikawakuta Henry, mtu wa langoni na wawili wa uwanjani wamesimama mlangoni kwangu na kofia mkononi. Wanataka kujua Mwalimu wa Chemba amewakasirikia nini, maana siku hizi anawapa amri tu. Kwa hiyo sasa salamu zinakuja nyuma, ujumbe wa pili, wa tatu, hata wa sita zikiwa ndefu. Za kwako huwa ni sita.

Kuna kitu kimoja nimeshindwa kukielewa. Barua uliandika. Mimi nina ushahidi, na wewe ulikuwa na uhakika mpaka wa saa. Kwa nini ulimwambia Mama Vasanti kwamba hukuandika?

Binti yako,
Flaviana


Chemba,
23 Juni 2025

Binti yangu Flaviana,

Marahaba. Sisi ni wazima, na nyumba hii sasa inaongea kuanzia alfajiri mpaka usiku. Wasalimie Henry na wenzake wa langoni na uwanjani. Waambie sijamkasirikia mtu. Msalimie na Mama Vasanti, mwambie baba yake aliwahi kuniuliza habari za mbuzi mmojammoja kwa rangi.

Madhumuni ya barua hii ni kukujibu ulichoniuliza. Nimeiandika mara tatu, hii ndiyo ya nne.

Mwezi wa nne, wiki tatu kabla ya lori lile, Matonya alirudi kutoka kwenu akaniambia, "Mwalimu, kule uwanjani barua zako zinaishia kwenye salamu, mengine hawayaoni." Aliniambia waziwazi, tumesimama hapa kituoni. Nikacheka. Nikamjibu kwamba ni vizuri, mtu akishasalimiwa atapiga simu kuitikia na kuuliza habari, ndipo nitamwambia. Ndivyo watu wanavyofanya. Wiki tatu hakuna aliyepiga, nami nikaendelea kuandika vilevile, kwa kiburi tu, kwamba mashine haiwezi kunifundisha mimi barua.

Kwa hiyo lori lilipooza, nilijua. Siku ileile ya simu nilijua. Nikakuandikia barua ya kwanza kama mtu asiyejua kitu, nikitumaini kompyuta yako itamkuta mwingine na kosa. Domitila aliponinunia, nilimwacha aninunie kwa sababu isiyo ya kweli.

Halafu ikaja ile yako ya kuniomba nianze na jambo lenyewe, "utaratibu tu wa mfumo". Binti yangu, nimesahihisha madaftari ya watoto miaka thelathini na minne. Mtoto anayeficha jibu namjua kwa jinsi anavyoshika kalamu. Nikaona kumbe tuko wawili, kila mmoja amekalia upande wake wa kosa. Na chini ya jina lako, katika barua yako ya kwanza, niliona umeandika neno "majaribio". Mama Vasanti aliponipigia na kuniuliza, niliandika au sikuandika, nikafikiri kwamba alizeti ya Chemba itaendelea kuota hata kituo kikifungwa, na wenye kiwanda wataifuata tu, msimu huu au ujao. Lakini wewe wakikufukuza hawatakufuata. Nikasema sikuandika. Sikusema kwa wema peke yake. Nilikuwa nalipa.

Kisha wewe ukaenda ukasema kweli yako, tena ukiwa hujui kama utabaki. Ikanibidi na mimi niseme yangu. Jana baada ya ibada niliwakusanya wakulima wote nikawaeleza habari ya Matonya na kicheko changu. Mmoja akauliza kama magunia yameandikwa, nikasema yameandikwa, wakaanza kuongea wote kwa pamoja. Kwa hiyo Jumamosi ukija usitetemeke. Utawakuta wameshanigombeza mimi, na nguvu iliyobaki ni kidogo.

Domitila nilimwambia wa kwanza, Jumamosi jioni, kabla ya watu wote. Hakununa. Alikwenda uani akamfunga jogoo mwekundu kamba mguuni, akasema huyo ni wako. Na akasema firigisi utapewa wewe. Tangu nimuoe, miaka arobaini na mmoja, firigisi ya nyumba hii haijawahi kuliwa na mtu mwingine ila mimi. Nimemwambia sawa.

Karibu sana,
Faustini Sila